Inhela za Gesi Tupu

"Funga koki."

Amri ya mkuu wake ilikuwa hiyo tu redioni: zuia dawa bandia zisisambae.

Nyuki akaruka ukuta wa ghala, bastola ya Glock mkononi. Wenzake kwenye idara ya ujasusi walimbandika jina hilo kwa sababu akikufuata, hakuachi. Mbele yake Mkemia, mtengenezaji wa dawa hizo, alikuwa akitimua mbio katikati ya makatoni.

Makatoni yote yalijaa inhela bandia, vile vikopo vya wagonjwa wa pumu vya kuvuta dawa kwa mdomo. Inhela halisi za aina hiyo hubeba dawa mbili kwa pamoja: moja ya kupanua njia za hewa, nyingine ya kutuliza uvimbe mapafuni. Hizi zilibeba gesi tupu. Shehena moja ilikuwa imeshaondoka kwenda hospitalini, na ni Mkemia pekee aliyejua imepita wapi.

Mama yake Nyuki alifariki ameshika moja ya hizo. Alibonyeza, akavuta, akabonyeza tena. Nyuki alikuwa kando yake, akimhimiza.

"Vuta, mama. Vuta."

Tangu hapo kila alipolala aliusikia ule mluzi wa kifua cha mama.

Sasa aliusikia tena, akiwa macho, mchana kweupe.

Akazunguka rundo la makatoni. Mkemia alikuwa amekaa sakafuni, midomo imegeuka rangi ya majivu. Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa mapafu, na mbio zilikuwa zimemmaliza. Maelfu ya inhela yalimzunguka.

Hakugusa hata moja.

"Kwenye gari," alisema kwa shida. "Ya kweli... iko kwenye gari."

Mercedes yake ilikuwa pale mlangoni. Nyuki hakusogea. Hakuhitaji hata risasi. Kungoja si kuua, alijiambia.

Mkuu wake akauliza redioni shehena iko wapi. Nyuki hakujibu.

Mluzi ukawa mwembamba kama uzi, kama wa mama dakika zile za mwisho.

Ndipo alipokimbilia gari. Alivunja kioo kwa kitako cha bastola, akarudi na inhela, akamtia Mkemia mdomoni.

"Vuta. Taratibu. Bana pumzi."

Alipoweza kusema, Mkemia alisema yote bila kuulizwa: lori la maziwa, barabara ya machimbo. Nyuki akaupitisha ujumbe redioni. Baada ya muda redio ikaita.

"Tumelikamata. Mbona ulinyamaza?"

"Redio ilikwama."

Akamfunga Mkemia pingu, akamwachia inhela yake mfukoni. Askari walipoingia, alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akapita katikati yao bila kugeuka.

Hakuna aliyejua jinsi alivyokaribia kungoja mpaka Mkemia afe.