Springi Zilizobadilishwa kwenye Chevelle ya Corinne

Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mbio za magari ya zamani nje ya Muncie, Indiana, Chevelle nyekundu ya Corinne Tackett ilichomoka vizuri, ikafika katikati ya njia, kisha ikaanza kukohoa. Corinne akaachia pedali ya mafuta. Aliirudisha bandani, akafungua kifuniko cha valvu, akatazama, akakifunga. Kisha akapiga simu polisi.

Sajini Yolanda Pruitt, mpelelezi wa kaunti aliyekulia kwenye gereji ya babake, alimkuta ameegemea gari.

"Nani mwingine ameona ulichokiona?"

"Hakuna, afande. Hata jirani sijamwambia."

Akaeleza. Marehemu babake, Orville, aliiendesha injini ile kwa kemshafti ya upole, ule mhimili wenye vinundu vinavyofungua valvu. Wakati wa baridi Corinne aliitoa, akachagua nyingine yenye vinundu virefu, injini ipumue zaidi kwenye mwendo mkali. Lakini kemshafti kali hutaka springi ngumu. Zikiwa laini, valvu hazirudi kwa wakati, na pistoni inaweza kuzigonga.

"Ndiyo maana nilifunga springi pacha, moja ndani ya nyingine. Sasa kila valvu ina springi moja, laini. Ningekanyaga zaidi kidogo, injini ingepasuka na mafuta yangemwagika chini ya matairi yangu."

"Ufunguo wa banda anao nani?"

"Mimi, Duane Speck tunayechangia banda, na Anko Lowell, rafiki ya baba. Wote wawili walikuwepo nilipokuwa nazifunga."

Pruitt akakifungua kifuniko mwenyewe. Gasketi, ule ukanda wa kuziba ukingo wake, ilikuwa mpya. Nati zilikazwa sawasawa. Hapakuwa na hata alama ya kidole cha grisi.

Nje, watu walishamhukumu Duane, mpinzani wa Corinne wa msimu mzima. Pruitt alimkuta anakula mkate wenye kipande cha nyama ya nguruwe kilichouzidi ukubwa.

"Wanasema jana ulimcheka."

"Nilimwambia kemshafti yake ni ya kuringia tu. Utani umekuwa kosa siku hizi?"

"Bila yeye ungeshinda."

"Afande, nikimshinda dada huyu gari lake likiwa bovu, nitajisifia nini?" Akainua mkono wa kulia. Ulikuwa kwenye plasta hadi kiwiko. Gari lake lilijibadilishia gia lenyewe, lakini kubana springi za valvu kunataka mikono miwili mizima.

Lowell Brubaker, mzee aliyeiunda injini ile pamoja na Orville, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya uzio.

"Nilimwonya mtoto," alisema kwa huzuni. "Kemshafti ile ni kali mno. Springi moja moja haziwezi kubeba vinundu vile."

"Wewe ungeweka ipi?"

"Ile ya Orville. Tuliichagua pamoja, jikoni kwa mkewe, tukibishana mpaka kahawa ikapoa. Sasa ameitupa rafuni."

Pruitt akawaita wote watatu bandani.

"Anayetaka kuua injini hutia mchanga kwenye mafuta," alisema. "Huyu ameweka gasketi mpya. Anaipenda. Alitaka ikohoe tu, watu waseme Corinne amechagua vibaya. Mzee Brubaker, umeniambia springi ni moja moja. Ulimwona akifunga pacha. Zilizomo leo tumeziona mimi na Corinne tu. Wewe ulijuaje?"

Lowell akavua kofia.

"Nilidhani utaachia mapema, Corinne. Orville aliachia mapema siku zote."

"Mimi si Orville, Anko. Ungeniua."

"Ulipoitoa kemshafti yetu, niliona umenitoa na mimi."

"Ungesema hivyo. Ningekusikiliza. Umwombe radhi Duane mbele ya watu wote. Na wewe afande, andika maelezo yake. Siwezi kulifunika hili."

Springi pacha zilikuwa chini ya kiti cha gari la Lowell, zimepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye kitambaa safi. Lowell aliwaeleza madereva alichofanya, kofia mkononi. Corinne alizirudisha springi mwenyewe, Duane akimshikia mpira wa upepo, ule unaozuia valvu zisidondoke ndani, kwa mkono wake mzima.

Mchana Chevelle ikasimama kando ya gari la Duane. Taa ikawaka kijani. Ilipopita pale ilipokohoa asubuhi, mlio wake ulizidi kupanda, mkali na safi, na Corinne hakuachia. Alimaliza mbele ya Duane kwa urefu wa boneti.

Pruitt alimruhusu Lowell asimame kwenye uzio kabla ya kumpeleka kituoni. Mzee alikuwa anafuta macho.

"Sikia inavyovuta," alisema. "Huyo ndiye binti wa Orville."

"Ana jina lake," Pruitt akamjibu.

Lowell akavaa kofia, akamgeukia mtu aliyesimama kando yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Injini hiyo ameichagulia kemshafti Corinne Tackett. Na amechagua sawa."