Chipsi za Futari

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Zuhura na Theodora walitoka shuleni pamoja, wakapita kisimani kuchota maji, kisha wakaenda kumenya viazi. Walikuwa darasa la sita, na tangu darasa la kwanza walikaa dawati moja. Mama yake Theodora alikuwa na kibanda cha chipsi kando ya barabara pale Iguguno, mahali waliposimama madereva wa malori. Alikifungua mwaka 1994, wakati watu wengi kijijini walipoanza biashara zao wenyewe. Mteja akiuliza, alimjibu kwamba anakaangia mafuta ya alizeti tu.

Mwaka uliofuata, Ramadhani iliangukia mwezi wa pili. Zuhura alikuwa ameazimia kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, lakini hakuacha kwenda kumsaidia rafiki yake. Kwa kuwa hakuweza kula pale, Mama Theodora alimfungia chipsi kwenye gazeti.

"Peleka nyumbani mkafuturu," alimwambia. "Unisalimie Bibi."

Bibi yake Zuhura, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki machache, alizipenda sana. Kila jioni alimwombea heri mama yule aliyewakumbuka watu wasio wa dini yake.

Ijumaa moja Zuhura alikuwa nyuma ya kibanda akimenya viazi, Theodora akiviosha. Akafika Chediel, mjomba wake Theodora kutoka Mtinko, akiwa amefunga debe kwenye baiskeli. Aliingia nalo jikoni bila kuwaona wasichana.

"Dada, haya ndiyo ya mwisho," alisema, "mpaka nichinje nguruwe mwingine."

"Yatanifikisha kwenye mavuno ya alizeti mpya?"

"Ukiendelea kuchanganya, yatafika."

Zuhura alichungulia mlangoni. Mama Theodora alikuwa akichota mafuta meupe yaliyoganda na kuyatia kwenye karai. Zuhura alirudi nyuma taratibu, akamtazama Theodora. Theodora hakushangaa. Aliendelea kuosha kiazi kilekile ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Ulijua," Zuhura alisema.

"Mama alinikataza kusema. Alizeti zimekuwa adimu."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Kwa hiyo kila siku ulinitazama nikiondoka na lile gazeti. Ulijua nampelekea Bibi."

"Niliogopa, Zuhura."

"Ungeniambia tu nisichukue. Nisingeuliza sababu."

Zuhura aliweka kisu juu ya viazi, akaondoka. Njiani, kilichomuumiza zaidi ni kukumbuka jinsi walivyokuwa wakicheka pamoja siku zote hizo.

Nyumbani aliwaeleza mama yake na Bibi huku akilia.

"Wewe ulijua?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Naapa."

"Basi huna dhambi, wala sisi hatuna. Futa machozi. Kesho tutakwenda kuongea naye."

Asubuhi walimkuta Mama Theodora akiwasha jiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, zile chipsi ulizokuwa ukitutumia, ulizikaangia mafuta gani?"

Mama Theodora alimtazama Zuhura, kisha akainamisha kichwa. "Nilichanganya na mafuta ya nguruwe, Bibi. Sikutaka kuwakosea. Niliona yakishayeyuka hayana tofauti, na hakuna atakayejua."

"Wewe ulijua," alisema mama yake Zuhura. "Ulijua sisi ni nani, ukatufungia kwa mkono wako."

Mama Theodora alifunika uso kwa kanga. Theodora, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kulia. "Mama, nilitaka kumwambia," alisema. "Kila siku nilitaka."

Siku hiyo Mama Theodora hakukaanga kitu. Alimrudishia Chediel debe lake, akanunua karai jipya, na kwa wiki nzima alimweleza kila mteja aliyefika yale aliyoyafanya. Wengine walimsonya na hawakurudi tena. Alipokosa alizeti aliuza viazi vya kuchemsha, mpaka mavuno yalipoingia.

Shuleni Zuhura alihamia dawati la nyuma, akakaa na mwenzao mwingine, Yasinta. Siku ya Idi, Theodora alikuja nyumbani kwa kina Zuhura peke yake, akasimama nje ya uzio wa miiba asijue kama aingie. Bibi ndiye aliyemwita ndani.

"Zuhura, sina la kujitetea," Theodora alisema. "Nilikuficha jambo ambalo lilikuwa lako kulijua. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Zuhura alijibu. "Lakini bado inauma."

"Ni haki yake iume," Bibi alisema, akiwaketisha wote wawili kwenye mkeka. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Hatumkatazi mama yako kupika nguruwe, Theodora. Wapo wanaomla, na ni halali yao. Kosa ni kumficha mlaji. Mtu anayekula chakula chako amekukabidhi mwili wake na imani yake, na wewe huna ruhusa ya kumchagulia kimya kimya. Hata anayejua akanyamaza amesaidia kudanganya. Ukiogopa kusema kwa sauti, sema kwa kunong'ona, lakini sema."

Theodora aliitikia kwa kichwa. Zuhura alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi karibu na sahani ya pilau.

"Nyama yake ni ya mbuzi," alimwambia. "Mafuta ni alizeti. Kula."