Vitundu vya Barakoa ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kuosha barakoa ya baba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nyumbani waliniita Kiraka, kwa sababu mimi, binti wa fundi cherehani, sikuweza kuona tundu nikaliacha.

Tangu apate kiharusi, baba alikuwa akilala pumzi zinakatika. Koo halikuziba, wala hakukoroma. Ubongo wake ulisahau tu kuuamuru mwili uvute hewa, na mama akabaki anahesabu sekunde mpaka pumzi irudi, huku analia. Hospitali wakatupatia mashine ya kumpulizia hewa kupitia barakoa kila anaposahau. Baada ya wiki moja alirudi kwenye cherehani akitutania.

"Hii inanikumbusha kupumua," alisema. "Mama yenu hunikumbusha kuoga tu."

Kisha nikaona vitundu vidogo mbele ya barakoa, hewa inatoka. Niliumia. Pumzi ya baba inapotea bure! Nikaviziba kwa seloteipu, na kila nilipoosha nikabandika mpya. Sikumwambia mtu.

Baba akaanza kuamka na maumivu makali ya kichwa. Akasinzia juu ya kitambaa, akashona mikono ya shati nyuma mbele. Siku ya tatu aliniita kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani.

"Irudisheni hiyo mashine," akasema. "Nimechoka. Niacheni."

Mama alikaa kizingitini. Sikuwahi kumwona mama amekata tamaa, na siku ile niliogopa kuliko siku ya kiharusi chenyewe. Tukaifunga mashine, tukampeleka baba hospitali.

Muuguzi alimtazama akatikisa kichwa. "Daktari ataongeza nguvu ya mashine. Isiposaidia, sijui tena, mama."

Nilikuwa nimepakata mfuko wenye barakoa. Ukutani palikuwa na picha ya barakoa kama ile, na mshale ukionyesha vitundu: "Hapa hutoka hewa aliyokwisha kuipumua mgonjwa. Usizibe."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimrudishia baba hewa chafu kila usiku. Ningeweza kuibandua seloteipu kimyakimya mle mfukoni, na hakuna ambaye angejua. Kidole changu kilikuwa tayari kimeshika ukingo wake.

"Dada," nikamwambia muuguzi, "ni mimi. Aliyeviziba vitundu ni mimi."

Mama alijishika kichwa. Muuguzi alichukua barakoa, akakimbia kwa daktari. Hawakuongeza nguvu ya mashine. Walimvisha baba barakoa mpya, wakamlaza wodini mchana kutwa, nami nikakaa mlangoni nikilia, nikiamini nimemuua.

Jioni baba alifumbua macho. "Kiraka," akaita, "umekula?"

Muuguzi akanishika bega.

"Ulikosea kwa sababu unampenda," alisema. "Lakini ungenyamaza, daktari angetibu ugonjwa usiokuwepo, na baba yako angeondoka. Usibadilishe kifaa cha mgonjwa bila kuuliza. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka."

Mkono wa kushoto wa baba bado ni mzito kwa kile kiharusi. Lakini kila asubuhi, nikimaliza kuosha, huinua barakoa dirishani na kuhesabu vitundu kimoja kimoja, mpaka niuone mwanga katika vyote.