Usimwambie Mama Nimelowa

Haya hayakunipata mimi hasa. Yalimpata jirani yangu Mama Edgar, tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta pale Leicester, Uingereza, karibu na mfereji wa mashua za makaa. Lakini nilikuwepo, na macho yangu hayajanidanganya hata sasa nikiwa bibi wa miwani. Anayetaka kucheka na acheke. Nimezoea kuchekwa, maana ujana wangu wote niliumalizia kwenye hadithi za roketi na viumbe wa sayari nyingine.

Aliyeniambukiza ugonjwa huo ni Edgar, mwanawe wa pekee. Tulikua pamoja. Alikuwa mtundu, na kila kiangazi lazima atumbukie mferejini. Mama yake alikuwa amempoteza kaka yake yeye mwenyewe humo humo, kwa hiyo akimwona mtoto kalowa humchapa kwanza, halafu humkumbatia na kulia mpaka mtoto anaona afadhali zile fimbo. Basi Edgar akilowa haendi kwao. Alijibanza nyuma ya banda letu la makaa, na mimi nikimkuta hunong'ona, "Norah, usimwambie Mama nimelowa." Nilikuwa namletea kwa siri taulo lao lililotundikwa mlango wa nyuma, ambalo mama yake alilikunja mara tatu siku zote, kisha nalirudisha nikidhani nimemzidi akili. Nadhani alijua muda wote.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Edgar alichukuliwa jeshi la majini. Akapangiwa meli iliyosindikiza misafara ya chakula kuvuka Atlantiki. Chini ya ngazi aliacha sanduku la majarida ya hadithi za sayansi kutoka Marekani, na hakuna tajiri aliyeipenda dhahabu yake kama Edgar alivyolipenda sanduku lile. Majarida mapya hayakuwa yanaingia tena. Meli zilibeba ngano na nyama ya makopo, nani angehangaika na watu wa Mirihi?

Siku moja wakapita akina mama wa kukusanya karatasi kwa ajili ya vita. Mama Edgar akawapa yote kwa moyo mweupe, yakaenda kusagwa.

"Si makaratasi tu, Norah?" aliniuliza siku nilipofungua sanduku nikakuta viazi. "Walisema yanatengenezewa makasha ya risasi. Nikajua namsaidia mtoto."

"Hata lile la uzi wa buluu?"

Akakaa chini. Lile lilikuwa jarida la kwanza la Edgar, kalinunua sokoni kwa vijisenti vyake. Lilipochanika mgongo, mama yake ndiye aliyelishona kwa uzi aliotoka nao kiwanda cha soksi.

"Hata hilo," alisema. "Mungu wangu. Mwanangu atanichukia."

Edgar alikuwa ameandika kwamba akipata likizo ya Pasaka, atahudhuria mkutano wetu sisi mashabiki wa hadithi hizo. Tangu siku hiyo Mama Edgar hakuwa na neno jingine: sanduku lijae kabla mtoto hajafika. Alikonda kwa wazo hilo. Mwishowe nikamwambia aje mkutanoni awaombe wenyewe.

Jumamosi ile ya Pasaka jua liliwaka kana kwamba vita vimekwisha. Tulikodi vyumba vya juu vya mgahawa wa chai. Mwenye mgahawa alitushuku kuwa ni majasusi, mpaka alipotusikia tukigombana iwapo binadamu anaweza kuotesha viazi mwezini, akaona ni wendawazimu tu, akatuachia birika. Sisi tulijuana kwa barua. Mtu mmeandikiana miaka, mmetukanana kwa wino mkashinda mmenuniana, na sura yake hujawahi kuiona. Kwa hiyo kwenye mkutano kazi ya kwanza ilikuwa kuulizana majina, na ya pili kusainiana majarida. Edgar walimjua wote. Sura yake tuliijua mimi na mama yake tu.

Mama Edgar alisimama, mkoba kaukumbatia kifuani. "Nimeharibu mali ya mwanangu," alisema. "Sikujua. Kama kuna mwenye la ziada, hata bovu..." Akashindwa kumaliza.

Horace, mwenyekiti wetu, karani wa kiwanda cha viatu mwenye tumbo la haja, alitoa jarida kwenye koti lake. "Mama, hili nisingempa hata mfalme," alisema. "Chukua kabla sijaghairi."

"Na langu hili," akadakia Percy, askari aliyekuja kwa likizo kutoka Manchester. "Ila mwambie ukurasa wa mwisho wameula panya wa kambini. Atunge mwisho mwenyewe, si anajifanya fundi?"

Watu wakacheka, wakaanza kutoa. Sanduku la Edgar tulilokuja nalo likawa linajaa. Niliwapenda wapumbavu wale siku hiyo kuliko siku yoyote.

Nikashuka kuongeza maji ya chai. Niliporudi Percy alinipokea anacheka.

"Huyo Edgar wenu mcheshi kweli! Mbona hamkusema kafika?"

"Kafika wapi?"

"Si huyu aliyetoka hapa sasa hivi? Nimemsainia jarida lake. Kalowa chapachapa, masikini, mvua imemkamata huko alikoshukia. Mkono wa baridi kama samaki."

Nilitazama dirishani. Hakukuwa na wingu.

"Jarida gani, Percy?"

"Kuukuu. Mgongo umeshonwa kwa uzi wa buluu."

Mama Edgar alikuwa nyuma yangu. Alishaweka kikombe chini. "Yuko wapi?"

"Kaenda kwa Horace, chumba cha pili."

Tukaenda. Horace alikuwa anakausha wino. "Ametoka sasa hivi," alisema. "Kaingia ukumbini."

Ukumbini walisema kapita. Karudi kule. Tukarudi kule. Walisema ndiyo, alikuwepo, kaondoka. Kila mmoja alikuwa amemsainia. Kila mmoja alikuwa amemshika mkono. Hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyejua anapaswa kushtuka. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji. Nilizifuata. Zilikwenda mpaka ukutani, zikaishia hapo.

"Ananikimbia," Mama Edgar alinong'ona. "Ameshajua." Kisha akapaza sauti mbele za watu wote. "Edgar! Nisamehe, mwanangu! Sanduku limejaa!"

Percy alivua kofia bila kujua kwa nini.

Nilitoka kwenda kwenye ngazi. Katikati yake palikuwa na kona yenye vigingi, tulipotundika makoti. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga wa kutosha. Lakini nyuma ya makoti palikuwa panadondoka maji. Tone. Tone. Nikasikia harufu ya bahari.

"Norah."

Nikasogelea makoti.

"Norah. Usimwambie Mama nimelowa."

Ilikuwa sauti ya Edgar. Ile ya utotoni.

Nilipenyeza mkono. Nikagusa makoti. Nyuma yake ukuta. Yote yalikuwa makavu.

Utoto wangu wote niliitunza siri hiyo. Lakini Mama Edgar alikuwa amesimama juu ya ngazi, anangoja nimwambie mwanawe anamchukia. Ningefanyaje?

"Hajakukasirikia," nilimwambia. "Anajificha kwa sababu kalowa."

Maneno yaliponitoka ndipo nami nikayaelewa. Mama Edgar akakaa taratibu kwenye ngazi.

"Basi yuko majini," alisema.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Horace na Percy walimbebea sanduku mpaka nyumbani bila mzaha hata mmoja, na kabla ya giza akalikunja taulo mara tatu, akalitundika mlango wa nyuma. Alitazama upande wa banda letu la makaa. "Mwambie simchapi," aliniambia. "Mwambie taulo lipo."

Asubuhi alinigongea ukutani. Taulo lilikuwa limelowa, zito, limeganda chumvi nyeupe pembeni. Chini yake, kizingitini, lilikuwepo jarida la uzi wa buluu, lile lililokwenda kusagwa. Lilikuwa kavu, lina joto kama mkate uliotoka jikoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na saini zote, ya Horace, ya Percy, za kila aliyekuwepo. Chini kabisa palikuwa pameachwa nafasi ya majina mawili.

Nilimpa kalamu, akaikataa. "Nitamsainia akiniomba mwenyewe," alisema.

Telegramu ilikuja baada ya sikukuu. Meli ilikuwa imezama tangu Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wetu, na hakuokolewa mtu.

Mama Edgar aliishi miaka mingi baada ya hapo, na taulo hakuacha kulitundika. Kila asubuhi lililowa. Mikono yake ilipokosa nguvu nikawa ninalikamua mimi, na mara moja niliulamba mkono wangu. Ilikuwa chumvi. Hatukulizungumza tena jambo hilo, tulianika tu.

Alifia kitandani kwake majira ya baridi. Asubuhi ya mazishi taulo lilikuwa limelowa kama kawaida, nikaliacha limetandazwa kitini, nikafunga mlango na funguo nikakaa nazo mimi. Tuliporudi kutoka makaburini nilikuwa wa kwanza kuingia. Taulo lilikuwa mlangoni, kavu, limekunjwa mara tatu.

Jarida lilikuwa wazi mezani. Chini ya saini za watu wote, kwa mwandiko wa Mama Edgar ule wa kupinda, palikuwa pameandikwa *Mama*. Wino ulikuwa mbichi, ukaniganda kidoleni.

Nililia kwa furaha, wallahi, kwa ajili yake. Edgar amemwomba. Naye amemfuta maji. Nililia mpaka nikachoka, ndipo nikaona pembeni ya jina lake.

Imebaki nafasi moja.

Jarida ninalo mimi sasa. Mvua haijanyesha wiki nzima, lakini leo asubuhi nyuma ya banda langu la makaa ardhi ilikuwa imelowa. Nimetundika taulo. Kalamu nimeiweka karibu.