Omu Nne Ndani ya Ukungu

Kontena lile halikuonekana hata kidogo. Lilikuwa limezama, likabakiza mgongo tu juu ya maji, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nahodha hakuiona hata pua ya boti lake mwenyewe. Pigo moja lilitosha. Pua ilibomoka pamoja na honi, redio ikalowa, usukani ukabaki kuzunguka bure, na injini iling'oka ikambana nahodha paja la kushoto.

Walikuwa wawili tu: nahodha, na fundi umeme, mwanamke, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akivusha majiko ya umeme na vipuri vya magari. Kufikia asubuhi ya tatu paja lilikuwa limevimba na kuanza kunuka. Maji ya kunywa yalibaki nusu chupa. Ukungu haukuwa na mpango wa kuondoka.

"Shemeji, tupo wapi?" aliuliza fundi.

"Muulize nahodha."

"Si ndiye wewe?"

"Nahodha gani hana usukani? Mimi abiria tu, tena abiria mwenye mguu mmoja."

Fundi alicheka ili asilie. Alikuwa akiogopa, na kuliko bahari aliogopa kurudi peke yake kwa dada yake.

Betri ya boti ilikuwa bado na umeme, sanduku moja lililofungwa, la volti ishirini na nne. Kwenye vipuri alipata honi moja ya gari. Nyuma yake iliandikwa volti kumi na mbili, ampea tatu. Angeiunga moja kwa moja, ingeungua palepale. Alichukua penseli akaandika juu ya boksi: volti kumi na mbili za ziada, gawanya kwa ampea tatu, ukinzani wa omu nne. Akapekua mkoba wake, akapata rizista, kidude cha kupunguza umeme, ya omu nne, nyeupe, ndogo kama kipande cha chaki. Alijiona bingwa.

Alikuwa bado anaunga nyaya aliposikia mngurumo. Boti! Lilikuwa mbali kidogo, upande wa kulia.

Honi ililia. Ilipasua ukungu, ikamfanya nahodha ainue kichwa na kupiga kelele za furaha. Fundi alihesabu hadi ishirini. Kisha akaona moshi, akasikia mlio kama wa karanga ikipasuka, na kimya kikarudi. Mngurumo ulizidi kufifia mpaka ukapotea kabisa.

"Mbona umezima?" nahodha aliuliza.

"Sijazima. Rizista imeungua."

"Si ulipiga hesabu?"

Alipiga, ndiyo, lakini nusu. Volti kumi na mbili mara ampea tatu ni wati thelathini na sita, na kile kirizista kilitengenezwa kubeba wati tano. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Alikaa chini kwenye dizeli iliyomwagika, akajichukia.

"Maji," nahodha alisema. Fundi akampa funda moja. Midomo ya nahodha ilikuwa ya moto.

Kibandiko cha jiko ndicho kilichomwinua: volti mia mbili ishirini, wati elfu moja. Elfu moja gawanya kwa mia mbili ishirini, ampea nne na nusu. Waya wa joto wa jiko ungezibeba ampea tatu bila taabu. Mia mbili ishirini gawanya kwa nne na nusu, kama omu arobaini na tisa. Alihitaji nne tu, yaani sehemu moja ya kumi na mbili. Alichomoa waya wa jiko, akahesabu mizunguko yake, akakata sehemu hiyo, akaiunga kati ya betri na honi.

Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimevunjika, na waya uliteleza kila boti lilipoyumba. Ikabidi aukandamize kwa koleo. Kwa mkono wa pili aliushika juu, kwa kitambaa, ule waya wa jiko uliopata moto, maana ungegusa dizeli wangeungua wote. Honi ililia tena. Baada ya muda mrefu mngurumo ulirudi, mdogo sana. Alipopumzisha mkono, mngurumo ulianza kupotea. Akakandamiza tena.

"Maji, shemeji."

Chupa ilikuwa hapo hapo, karibu na goti lake.

"Subiri kidogo. Wanakuja."

"Kidogo tu. Nakuomba."

Angeachia, wangepotea. Asingeachia, mume wa dada yake angekufa kwa kiu mbele ya chupa. Fundi alilia kwa sauti na hakuachia. Kitambaa kilianza kunuka, kisha ngozi ya vidole. Nahodha aliomba mara ya tatu, ya nne. Halafu hakuomba tena.

Alishindwa kugeuka kumtazama. Honi iliendelea.

Wanaume wawili waliruka ndani ya boti. Mmoja alimshika mabega. "Dada, achia. Tumefika."

"Mpeni maji kwanza."

"Achia, unaungua!"

"Mpeni maji!"

Mwenzake alipiga magoti, akainua kichwa cha nahodha, akamimina. Maji yalimwagika shavuni, yakaingia shingoni. Akamimina tena, taratibu. Fundi alikodolea macho koo la nahodha, koleo likiwa bado mkononi.

Koo lilipanda, likashuka.

Hapo ndipo akaachia.