Weupe wa Viti vya Barazani

Ndugu zangu, haya nayasema kwa sababu nyumba ile imepakana na yangu, na siku yenyewe nilikuwepo.

Ilikuwa nyumba tulivu. Waliishi humo fundi cherehani, mumewe dereva wa lori, na mama mkwe mwenye pumu, aliyeshinda barazani kwenye kiti cha plastiki akichambua mboga na kutania wapita njia. Viti vilikuwa sita. Vilinunuliwa vyeupe pepepe, jua likavigeuza manjano.

Mwajiri wa mumewe alipotuma habari kwamba atawatembelea na wenzake, fundi akaviona viti vile kuwa aibu yake. Akavisugua kwa sabuni, akavisugua kwa magadi, rangi ikabaki palepale. Nilimwambia huo si uchafu, ni plastiki imeliwa na jua, atandike vitambaa yaishe. Akacheka, akasema mimi nimezoea uchakavu. Nikarudi kwangu bila kusisitiza, na kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Asubuhi ya ugeni mvua ilinyesha, na mumewe alikuwa ametoka na lori. Fundi, kama alivyonisimulia baadaye, akaviingiza viti bafuni na kufunga dirisha, mvua isimlowanishe. Akamimina dawa ya kung'arishia nguo kwenye beseni. Alipoona haina makali, akaongeza asidi ya kusafishia choo, akiamini dawa mbili kali zikiungana zitafanya kazi mara mbili. Harufu ikapanda ikamchoma macho. Akajifunga kitambaa puani, akaendelea kusugua.

Kwa ajili ya mvua, mama mkwe siku hiyo alikuwa chumbani mwake, kilichotazamana na bafu hilo. Mama akaanza kukohoa, kisha akagonga ukuta akiita.

"Mwanangu, kifua kinanibana. Njoo unifungulie dirisha."

"Vumilia kidogo, mama. Kimebaki kimoja."

Hicho kimoja kilimchukua robo saa. Alipotoka, naye akiyumba, alimkuta mama sakafuni, midomo imebadilika rangi. Nilisikia kilio cha fundi nikakimbilia kule. Tukafungua madirisha yote, tukambeba mama hadi hospitali.

Mama hakufa. Lakini mapafu yake yameharibika, hatua kumi tu zinamchosha, na siku hizi anashinda kitandani. Wageni walikuta mlango umefungwa, wakaenda zao.

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda cha hospitali akaomba radhi. Mama alivuta pumzi mara kadhaa ndipo akaweza kumjibu.

"Wageni wangekaa saa moja. Mimi nilikalia viti vile kila siku, mwanangu, na sikuwahi kukulalamikia rangi."

Fundi alilia, nami nililia.

FUNZO

Dawa ya kung'arishia isichanganywe kamwe na asidi wala dawa nyingine, hewa yake inaua. Vitu vya nje tuvioshee nje, kwa maji na sabuni, na manjano ya jua yakikataa kutoka tuyaache. Tena tujirudi, ndugu zangu. Tumekuwa watu wa kuwapambia wageni nyumba huku tukiwaambia wa nyumbani wavumilie kidogo. Mtu wako akisema hapumui, weka brashi chini umwendee.