Swali Ambalo Njoka Hakulitafsiri

Siku ya soko Gakoromone, mwaka wa hamsini na sita, Karambu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya wauza ndizi, kiatu kimoja mkononi. Mkanda wa kiatu hicho ulikuwa umekatika. Viatu vyenyewe havikuwa vyake. Vilikuwa vya mama Peninah, mke wa mchungaji wa Kianjai, na vilimzidi kwa kidole kizima. Gauni la manjano lenye kola nyeupe ndilo lililokuwa lake, alilishona kwa mkono, na ndani ya kola alikuwa amebana kwa pini barua ya kumwita kwenye mahojiano ya kazi ya wodini, katika hospitali ya misheni nje ya mji.

"Ukisimama hivyo, dada, watu watadhani unauza kiatu kimoja," mtu alisema nyuma yake.

Aligeuka akamwona kijana mrefu, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, soksi nyeupe mpaka magotini, kalamu mfukoni mwa shati. Begani alikuwa na mkungu wa ndizi mbichi, na utomvu ulikuwa unadondokea soksi zake bila yeye kujali.

"Na wewe ukibeba ndizi hivyo watadhani karani amefukuzwa kazi," Karambu akamjibu.

Kijana akacheka, akautua mkungu, akachana kamba ya mgomba na kuufunga ule mkanda kwa fundo dogo. Jina lake lilikuwa Njoka, mtu wa Mbeere, upande wa Embu. Walizungumza Kiswahili, maana Kimeru cha Karambu na Kimbeere cha Njoka vilipatana kwenye maneno kadhaa tu. Alipoambiwa msichana anakokwenda, Njoka alisema yeye ni karani huko huko, na wakaondoka pamoja. Njiani akampa shauri ambalo hakuombwa.

"Wakimaliza, watakuuliza kama una swali. Sema huna. Usiulize likizo, usiulize mshahara utapanda lini, usiulize aliyekuwa na kazi hiyo ameenda wapi. Na neno ruhusa usilitaje kabisa."

Karambu aliuliza kwa nini. Njoka alitupa jicho kwa askari waliokuwa wakikagua vitabu vya pasi kwenye lango la soko, akasema wakati wa Hali ya Hatari swali la mtu huandikwa kabla ya jibu lake.

Lakini swali ndilo lililomtoa Karambu Kianjai. Kaka yake, Mutembei, alikuwa amechukuliwa miaka miwili iliyopita, akapelekwa kizuizini, na tangu hapo hawakusikia kama yu hai. Mama yao, Ciakuthii, alikuwa akikaa kando ya barabara na kumsimamisha kila mtu aliyerudi kutoka kambini, mpaka watu wakaanza kupita njia nyingine ili wasionane naye. Mama Peninah ndiye aliyesema kwamba wafanyakazi wa hospitali hupewa karatasi za kusafiri. Kwa hiyo Karambu akaandika kuomba kazi.

Katika chumba cha mahojiano walikuwako wazungu wawili, matroni na katibu wa hospitali. Wote wawili hawakuwa wametimiza miezi mitatu nchini, na Kiswahili chao kiliishia kwenye jambo na asante. Mkalimani alikuwa Njoka. Walimuuliza Karambu kama anaogopa damu, kama anaweza kufua mashuka arobaini kwa siku, kama amebatizwa. Alijibu vizuri, bila haraka, na matroni akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaulizwa kama ana swali.

Njoka alimtazama. Karambu alimwona akimtazama, na bado akasema.

"Nikiwa mfanyakazi hapa, nitapata ruhusa ya kusafiri nikamtafute kaka yangu aliye kizuizini?"

Njoka akawageukia wazungu, akasema maneno ya Kiingereza. Karambu alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na katika maneno yale alilishika moja tu: viatu. Matroni akainama kuchungulia chini ya meza, akaiona kamba ya mgomba, akatabasamu. Katibu alicheka wazi. Wakamwambia kazi ni yake, na kwamba viatu atapewa na hospitali.

Alimngoja Njoka nje, chini ya dirisha la ofisi, mashavu yakimchoma.

"Umenifanya kichekesho mbele ya wazungu. Nimekuja na jambo la nyumbani kwetu, wewe umewaambia habari ya kiatu kilichokatika."

Njoka aliinua macho kwenye dirisha. Lilikuwa wazi, na moshi wa kiko cha katibu ulikuwa ukitoka polepole.

"Samahani, dada. Neno lilinipotea."

"Halikukupotea. Ulilibadilisha."

Njoka akarudi ndani.

Miezi iliyofuata Karambu alifua mashuka, akajifunza kupima homa, akavaa viatu vyeupe vya turubai alivyopewa, na kila alipovitazama alikasirika upya. Njoka alimsalimu kila asubuhi, naye aliitikia huku akipita. Aliacha mapera kwenye mlango wa wodi, Karambu akayagawa kwa wagonjwa. Alipojaribu kumtania mbele ya wauguzi, Karambu alimwambia hana haja na mtu wa kumsemea. Yeye mwenyewe alishindwa kuelewa kwa nini siku ambazo Njoka hakupita ukumbini zilikuwa ndefu hivyo.

Mwisho wa mvua Njoka akahamia hospitali ya Embu, kuandika daftari la wagonjwa. Ilisemekana ameomba mwenyewe. Alikuja kuaga akamkuta Karambu akikunja mashuka, naye akamwambia safari njema bila kuinua kichwa. Alasiri ile alikunja shuka moja mara tatu.

Mkalimani mpya aliitwa Gitari, mtu mwangalifu aliyejivunia kutafsiri kila neno. Siku ya mahojiano mengine Karambu alitumwa kupeleka chai. Mbele ya meza aliketi msichana wa Laare, jina lake Cicily, mpole, mwenye kitambaa cha buluu kichwani, na alikuwa amejibu yote vizuri. Alipoulizwa kama ana swali, alisema angependa kupewa siku moja kwa mwezi ampelekee baba yake chakula, kwa kuwa yuko kizuizini. Gitari akalitafsiri swali lote, mpaka chakula.

Tabasamu la matroni likaondoka. Katibu akafungua kalamu yake na kuandika kwa muda mrefu. Cicily akaambiwa ataletewa barua.

Barua haikuletwa. Wiki mbili baadaye mgonjwa mmoja wa Laare alisimulia wodini kwamba askari wawili walikwenda kwa kina Cicily, wakachukua kitabu chake cha pasi, na sasa haruhusiwi kutoka kijijini hata kwenda sokoni. Karambu alikaa kwenye kitanda kilichokuwa kitupu. Alikumbuka lile dirisha lililokuwa wazi na ule moshi, na jinsi Njoka alivyokubali kuchukiwa.

Tangu siku ile, kila palipokuwa na mahojiano, Karambu alipata sababu ya kufagia langoni. Wasichana walipofika aliwaambia kwa sauti ya chini mambo ya kutouliza, yale yale aliyoambiwa yeye, kisha akawatakia heri. Wengi walimshukuru. Wengine walimwona mjuaji, naye hakukasirika.

Kuandika barua aliogopa, kwa kuwa barua zilifunguliwa. Na kabla hajapata njia, matroni akamwita ofisini. Kwa miezi yote ile alikuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii, na daftari lake lilikuwa wazi mezani.

"Siku ya kwanza," matroni alisema taratibu, "wewe kuuliza nini? Njoka kusema viatu. Sasa mimi najua neno kiatu. Sikumbuki wewe kusema kiatu."

Jibu la kweli lingemfikisha Karambu alikofika Cicily, na lingemfuata Njoka mpaka Embu.

"Nilisema kiatu, memsaab. Lakini kwetu Tigania tunakiita kwa jina lingine."

Matroni alitaka kulijua. Karambu akamtajia jina la ng'ombe wa mama yake, na matroni akaliandika kwa herufi nzuri daftarini.

Juma lililofuata alikuwa akipanguza meza ya ofisi, matroni yuko wodini, simu ikalia. Aliinua mkono wa simu kwa hofu kidogo.

"Hospitali."

Upande wa pili ukasema, "Karambu?"

"Ndimi. Nani?"

"Karani wa Embu. Nauliza habari ya blanketi zetu sita."

"Blanketi zenu sizijui." Halafu, kabla ujasiri haujamwisha, akasema, "Njoka, vile viatu nimevielewa."

Waya ulivuma.

"Umevielewa lini?"

"Mwezi huu. Na memsaab aliponiuliza, nilimwambia nilisema viatu."

Alimsikia akishusha pumzi. "Basi tumekuwa waongo wawili."

"Nisamehe. Nilikutendea vibaya, na wewe ulikuwa umeniokoa. Asante."

"Ngoja, usishukuru bado. Siku ile swali lako mimi nililisikia. Ndiyo sababu niliomba kuja huku. Wagonjwa wa kambi za Mwea, wale wanaolimishwa mashamba ya mpunga, huletwa hapa, na majina yao naandika mimi. Jumanne wameleta mtu wa Kianjai. Mrefu. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipindi."

Karambu alishika ukingo wa meza. Kidole kile Mutembei alikivunja akiwa mtoto, alipoanguka kutoka kwenye mwembe.

"Anaendeleaje?"

"Kifua kilimbana, lakini anapona. Jana alilalamika kwamba uji hauna chumvi."

Karambu aliukumbatia mkono wa simu kifuani.

"Karambu, upo?"

"Nipo."

"Mwambie mama."

"Njoka..."

"Nakusikia, mpenzi," alisema, na papo hapo, kwa kukumbuka kwamba mtu wa kuunganisha simu huenda anasikia, akaongeza kwa sauti ya kikarani, "kuhusu hizo blanketi." Karambu alicheka huku machozi yakimwingia mdomoni.

Jumamosi alikwenda Kianjai, akamkuta mama yake akipalilia maharagwe. Ciakuthii aliweka jembe chini, akauliza mara mbili habari ya ile chumvi, akataka kusikia ni nani aliyeleta neno. Kesho yake kanisani aliomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu wa Mbeere aitwaye Njoka. Mchungaji hakuuliza ni nani. Barabarani Ciakuthii hakurudi tena kukaa.

Zile blanketi sita zilipigiwa simu kila Jumatano kwa miezi kumi na minne. Hazikupatikana, wala hazikuwahi kupotea.

Mutembei aliachiliwa mwanzoni mwa hamsini na nane. Alirudi amekonda, nywele zikiwa na mvi, mwepesi wa kushtuka mlango ukigongwa. Majuma matatu baadaye Njoka alifika Kianjai na mjomba wake, amevaa koti zito licha ya jua, amebeba mtungi wa asali ya Mbeere. Karambu alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, na alishindwa kukaa mahali pamoja.

Njoka alianza maneno aliyofundishwa na mjomba, ya watu waliopita wakaona ua zuri. Mutembei alimwangalia kwa muda.

"Nakujua," akasema. "Wewe ndiye karani uliyekuwa ukiniletea chumvi kwenye karatasi. Nilidhani ni desturi ya hospitali."

"Haikuwa desturi," Njoka alisema.

"Sasa naona." Siku zile maneno yalimjia Mutembei polepole. "Baba yetu hayupo, kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kujibu. Asante. Kabla ya mengine yote, asante. Umekuja kuomba nini?"

Njoka aliyasahau maneno ya mjomba wake. "Nimekuja kumwomba Karambu awe mke wangu, kama mwenyewe anataka."

"Namtaka," Karambu alisema kutoka mlangoni, kabla mtu hajamgeukia, na mjomba akakohoa kuficha kicheko.

Ciakuthii alifungua mtungi. Wote walijua desturi ya nyumba ile, kwamba cha kwanza hupewa mwana wa kiume, na mwana yule alikuwa amekosekana miaka minne. Mama alikata kipande cha sega kilichojaa asali, akampita Mutembei, akakiweka mkononi mwa Njoka, akamwambia, "Kula, mwanangu."